Chai ya Maji ya Mvua

Syombua, uko? Huyu jirani Ndinda ameniua!

Ule mmea wangu wa kula nzi, alioniletea mjukuu, nimeukuta mweusi. Midomo yake yote imenyauka. Umekufa, Syombua!

Nikienda matanga Tawa nilimwachia Ndinda mmea pamoja na mtungi wangu wa mwisho wa maji ya mvua. Nikamwambia, "Maji ya kisima yana chumvi, yatauua. Upatie haya pekee." Akaapa kabisa!

Leo ananiambia, "Pole dada, mmea umechomwa na jua." Akanimiminia chai.

Chai tamu, Syombua! Hapa Zombe, kiangazi hiki, chai isiyo na chumvi!

Nikamuuliza, "Ndinda, haya maji umetoa wapi?"

Akaangalia sufuria.

Na mimi kikombe nilikuwa nishamaliza.