Taa Pembeni ya Jina

Nakivale, tarehe 9/9/2012

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Mguu unaendeleaje? Umeanza kwenda shambani ao Eugénie bado anakukataza? Sisi huku tuko wazima. Mahindi yalikauka, lakini maharagi yametupa chakula. Mjukuu wako Adolphe ameota meno sita, ananiuma akinyonya. Eugénie dada yangu, msomee Mama polepole, usiruke mstari.

Bwana yangu Joël bado yuko Mbarara, anabeba mifuko kwenye duka la Bwana Mahmood. Anakuja mara moja kwa mwezi. Nyumba ni kubwa sana mtu akiwa peke yake, Mama, hata ikiwa ya chumba kimoja.

Lakini Mungu alitufungulia njia. Hapa kambini kuna kibanda cha kompyuta, anakichunga Nestor, Mrundi mmoja mpole. Kila Jumanne naenda kuandikiana na Joël. Naandika neno, na yeye kule Mbarara analiona hapo hapo. Akiwa mbele ya mashine, taa ndogo pembeni ya jina lake inakuwa ya kijani. Akitoka, inakuwa ya kijivu. Jirani yangu Kankindi ananicheka mbele ya watu kwenye foleni, eti mimi niliolewa na taa. Nilimjibu kwamba taa hailewi. Walicheka mingi.

Nestor alitueleza kwamba njia hii haina mwenyewe. Kila fasi, iwe kambi ao mji, inaweza kuweka mashine yake, itunze majina ya watu wake, na mashine zote zinasikilizana kwa sababu zilikubali lugha moja. Ni kama sisi sokoni: Msomali, Mrundi, Mbembe, kila mtu na nyumba yake, lakini tunauziana nyanya kwa Kiswahili. Ubaya wake, hakuna daftari moja lenye majina ya watu wote. Ukipoteza anwani ya mtu, umempoteza.

Na mtu mpya lazima kwanza abishe hodi. Mashine inakuuliza: unakubali huyu akuone ukiwepo? Mama, unajua tulivyokimbia. Swali kama hilo si la kumuuliza mkimbizi.

Sasa Eugénie apumzike kidogo, akushike mkono.

Mwezi wa tano hodi ilikuja. Jina lilikuwa Adolphe, na jina la baba nyuma yake. Nikajiuliza mtu huyu alipata wapi anwani yangu. Kaka yangu tulimlilia miaka mitatu iliyopita, tukamaliza matanga, nikampa mtoto wangu jina lake. Nikafikiri kuna mtu anatumia jina la marehemu ili ajue tuko wapi. Chini kulikuwa na maandishi madogo, lakini mimi niliishia darasa la tatu, na mkono uliwahi kabla ya macho. Nikakataa. Jumanne iliyofuata akabisha tena, na ile nyingine tena. Nikamwomba Nestor amfungie kabisa. Sikumwambia mtu, hata Joël.

Wiki tatu zilizopita Nestor alikuwa anasafisha mambo ya zamani ndani ya mashine. Akaniita, akaniuliza kwa utani ni nani huyo anayeniita Kapilipili. Nilikaa chini, Mama. Nani mwingine anajua kwamba nilikula pilipili za bibi, nikaingiza kichwa ndani ya pipa la maji? Maandishi yale madogo yalisema: Kapilipili, ni mimi, niko Kigoma, Mama yuko hai?

Mtoto wako alibisha hodi mara tatu, na mimi dada yake nikamfungia. Unisamehe. Sikutaka uyasikie haya kwenye simu ya jirani, katikati ya watu.

Nestor amefungua, na mimi nimekubali. Nimemwandikia kwamba uko hai, na kwamba jina lake linatambaa hapa na meno sita. Taa yake bado ni ya kijivu. Nestor anasema labda mashine ya kule Kigoma imezimwa, lakini maneno yangu yatamngoja. Sasa naenda kila siku. Namweka mtoto juu ya magoti, namwonyesha jina.

Barua hii inakuja na mchungaji anayerudi Uvira. Mpe maji ya kunywa. Msalimie shangazi na wote wa pale nyumbani. Na kwenye maombi yako ya jioni, Mama, umtoe Adolphe kwa waliolala, umrudishe kwa wasafiri.

Ni mimi binti yako,
Orpa, mama Adolphe