Viatu Usivyovifuata

Kaka, shikamoo.

Huku dukani tu wazima, ila kucha yangu ya kidole gumba cha mguu imeng'oka. Najiandaa kwa mbio zangu za kwanza, kilomita arobaini na mbili. Usicheke. Jumapili nilimaliza thelathini. Muuza magazeti kila akiniona hupiga kelele, "Fundi, unakimbizwa na nani?" Namjibu, "Na uzee!"

Nakimbia na viatu vyako, vile ulivyomwachia baba abadilishe soli. Unaikumbuka sheria yake pale ukutani: kiatu kisichofuatwa miezi mitatu ni cha fundi. Sasa ni miaka miwili, na fundi ni mimi. Vinanipwaya, kwa hiyo navaa soksi mbili. Soli ya kushoto inalika upande wa nje, kama zako zilivyokuwa zikilika. Baba alikuwa akisema sisi wawili tunakanyaga sawa, kusikilizana ndiko hatuwezi.

Siku ya mazishi yake ulifika kaburi limeshafukiwa, nami nikakwambia mbele za watu urudi ulikotoka. Kwamba basi lako liliharibika njiani, nilikuja kuambiwa baadaye. Nikaona haya kuandika.

Mbio zenyewe ni huko mjini kwenu, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Viatu vyako sijaviuza. Njoo uvichukue kwenye mstari wa kumalizia. Pumzi ya kugombana sitakuwa nayo, lakini ya kukuomba radhi nitaibakiza.

Mdogo wako,
fundi viatu