Abigaëlle anauliza kama akose makusudi

Mama Virginie, mushauri wetu wa radio, naomba unisaidie, roho yangu haitulie. Tunaishi mutaa wa Hewa Bora, bwana yangu Paluku anafanya biashara ya jumla, na mutoto yetu Abigaëlle iko na miaka kumi na mbili, ku masomo njo wa kwanza kila mwaka. Sasa psychologue mumoja, mutaalamu wa akili, madame Mujinga, alikuja ku masomo kupima batoto benye akili sana, haikuwa hesabu wala Kifaransa, ilikuwa maumbo, banakuonyesha karatasi imekunjwa na kutobolewa, unasema matundu itakuwa wapi ikifunguliwa, ao sanduku ya karatasi imetandazwa, unasema ikikunjwa upande gani utakuwa juu. Abigaëlle alipata yote, akamaliza mbele ya benzake. Directeur wa masomo akasema mbele ya darasa, "Hakuna mutoto anapata yote. Aliiba majibu." Madame Mujinga akakataa, akasema test yenyewe njo ilikuwa nyepesi kwake, ataleta ingine ya nguvu. Bwana yangu akawaka: "Mutoto yangu haiko mwizi, hatapimwa tena!" Mimi hamu ilinikamata, tukitwanga majani ya sombe nikamuuliza, "Abi, unaonaka namna gani?" Akanijibu, "Mama, mi sigeuzi kintu. Naingia ndani yake, natembea, naangalia." Nikacheka, nikataka kuuliza tena, lakini akaacha kutwanga, akasema polepole: "Mama, ku test ya pili nikose moja mbili makusudi, batuache?" Mama Virginie, nilikaribia kusema ndiyo. Nimwambie nini?

Mama Geneviève, Hewa Bora

Mama Geneviève, pole sana, lakini nakugombeza kwanza. Ulikaribia kumufundisha mutoto kujificha! Akishazoea, wewe mwenyewe hautamuona tena. Jibu ni hapana.

Mbele ya kukuandikia, niliuliza mwenye kazi hii ya kupima akili. Akaniambia: ukipima muntu murefu na fimbo fupi, fimbo inakuonyesha tu kwamba muntu ameipita, urefu wake hauujui. Test nyingi za maumbo zilitengenezwa kwa batoto wote, na benye kipaji kikubwa banafika mwisho wake bila jasho. Kwa hiyo mutoto wako hajapimwa bado. Madame Mujinga anasema kweli.

Papa Paluku, hasira yako ni ya haki, lakini unaimwagia mutoto. Kubali test ya pili. Omba ifanyike asubuhi, maswali mapya, Madame Mujinga na Abigaëlle peke yao ndani ya chumba, directeur abaki inje. Majibu yasomwe mbele yenu wazazi, na yule aliyemuita mutoto mwizi amuombe msamaha kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya darasa lile lile.

Na wewe mama, leo hii mwite Abigaëlle, mwambie hivi: "Safari hii utakosa, na hautahitaji kujikaza ili ukose." Mutoto huyu labda hajawahi kukutana na swali linalomushinda. Musimunyime swali hilo. Akitoka, usimuulize alipata ngapi. Muulize ni lipi lilimushinda, kisha ukae chini umusikilize mpaka amalize.