Amekuja na Isale, Anataka Nifute Kesi

Mama Loveness, shikamoo. Nisaidie mama yangu, maana hapa nyumbani kila mtu ana jibu lake, na mimi mwenye mzigo sina hata moja.

Naitwa Hilaria, ni mkulima wa kahawa na ndizi huku Kilema, na yote yalianza pale mfongo wetu, huu mfereji wa maji waliouchimba mababu, ulipofungwa bila sisi kuulizwa, tukaenda akina mama tukakaa kando yake tukisema hatuondoki mpaka tuelezwe, hatukutukana mtu wala kurusha jiwe, lakini kiongozi mmoja mkubwa wa serikali akaja na polisi akaamuru nikamatwe mimi niliyekuwa nikizungumza, eti kwa ajili ya utulivu wa umma, nikawekwa mahabusu kupita muda ambao sheria inaruhusu, na kila nikiuliza kosa langu naambiwa huna kosa, umewekwa tu usije ukaleta fujo.

Mume wangu Fabian akampata wakili, binti mdogo anaitwa Pamela, akapeleka maombi Mahakama Kuu, jaji akauliza huyu mama ana kosa gani, wakili wa serikali akasema hajashtakiwa, jaji akasema basi aletwe hapa leo, nami nikaletwa na ndala zangu na kitenge kilekile chenye tope la mfongo, na askari aliyekuwa akinifokea nikamwona amesimama wima, jaji akasema mama huyu aende nyumbani kwake, na nikaenda! Mama Loveness, mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Sikujua kama duniani kuna neno la namna hiyo kwa ajili ya mtu kama mimi.

Sasa Pamela amefungua shauri jingine kwa jina langu, majaji watatu waseme kama mamlaka ya kumweka mtu ndani kwa hofu tu ya fujo yanakubaliana na Katiba, na anasema lazima awepo mtu yaliyomkuta, mimi nikijitoa shauri limekufa. Linasikilizwa wiki ijayo.

Na Jumapili baada ya misa, nani namwona anaingia kwetu kwa miguu, bila gari wala mlinzi? Yule kiongozi. Kumbe naye ni Mchagga, wa Rombo, ameshika kitawi cha isale, lile jani letu la kuombea msamaha, kwa mikono miwili. Akainama mbele yangu, mtu mkubwa vile, akasema, "Mama, nimekosa. Nakuomba unisamehe, na yale ya mahakamani tuyaache." Mkono wangu ukakipokea kabla kichwa hakijafikiri. Mama mkwe anasema, "Ukishapokea isale ugomvi umekwisha. Ukiendelea unawaitia wajukuu wangu laana." Fabian anasema niamue mwenyewe. Pamela anasema wapo wengine watakaowekwa ndani hivihivi. Mimi isale naliogopa, na mahakama ile naistaajabia. Nifanye nini?

Hilaria, Kilema

Marahaba, mwanangu Hilaria.

Jaji kasema uletwe, ukaletwa. Mkubwa kaja kwa miguu kukuinamia. Kwa umri wangu huu sijaona hayo mawili yakimpata mtu mmoja. Pole kwa mahabusu, na hongera.

Haya, sasa nikugombeze. Nani alikuambia kusamehe na kufuta shauri ni kitu kimoja? Isale haliji na masharti. Anayelileta husema nimekosa, kisha anangoja. Bwana huyu alisema amekosa, na kwa hilo nampa heshima yake, halafu akachomeka na la kwake. Wewe ulipokea isale, hukupokea hilo la pili.

Kwa hiyo msamehe, na umsamehe kweli. Mwite mbele ya mama mkwe, mwambie huna kinyongo naye, mnywe pombe yetu ya mbege kwenye kata moja. Ukikutana naye Moshi mjini, msalimie wewe kwanza. Baada ya hapo muulize mama mkwe kwa upole ugomvi uko wapi tena. Hatauona.

Shauri lako siyo ugomvi. Huombi afungwe wala afukuzwe kazi. Unawauliza majaji mamlaka yale yanaishia wapi, na jibu litamfaa hata yeye siku atakaporudi kuwa raia kama sisi. Wanaweza wasikubaliane nawe, ujiandae na hilo pia. Leo hii mpigie Pamela simu umweleze yote, na akija mtu na karatasi ya kujitoa usitie saini, hata awe shemeji yako. Fabian asikuachie peke yako, akusindikize. Mama mkwe mchukueni, akaone mwenyewe kile kilichokusisimua.

Kitawi kile usikitupe wala kukikausha darini. Nenda ukakipande mpakani mwa kihamba, shamba lenu la nyumbani, kama tunavyopanda masale siku zote, pale anapoishia jirani na wewe unapoanzia. Kikishika mizizi, atakayepita ataona kwamba mlipatana, na ataona pia mpaka uko wapi. Kisha fua kile kitenge cha mfongo, ukivae, uende mahakamani.