Asiye na Kitu Angojee

Wamaza, 3 Agosti 2025

Mdogo wangu Iliasi,

Salaam nyingi. Wewe na watoto hamjambo? Mgongo wako je? Sisi tu wazima, ukimtoa yule asiyekuwapo. Juzi tumesoma hitima ya arobaini ya Soraya. Jina lako lilitajwa, sura yako hatukuiona.

Chumvi siku hizi tunaipima kama dawa. Chefu Faradji, mkuu wetu wa sekta, alipita sokoni na kipaza sauti: "Hii kirizi, hii shida ya pesa, iko ya inchi yote! Tufunge mikanda, tuumie wote pamoja!" Tulimtazama mkanda wake. Ameutoboa tundu jipya, lakini upande wa nje, tumbo lipate nafasi.

Na bariere zake, zile kamba za kutoza watu pesa njiani, zimekuwa tatu kati yetu na hospitali ya Kasongo. Kwenye ile ya darajani mwanangu Soraya alikaa juu ya pikipiki na uchungu wa kuzaa. Vijana wa kamba wakaingia kibandani kumuuliza mkubwa wao, wakatoka na jibu: "Asiye na kitu angojee." Akangojea. Akafia pale, mtoto tumboni.

Wewe ni karani wa chefu. Niambie, nani alikuwa kibandani? Sitaki pole, nataka jina.

Dada yako, Faida


Ofisi ya sekta, 11 Agosti 2025

Dada yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Nimeipata barua yako kwa mkono wa Chadrack, yule motari wa pikipiki. Sisi wazima, mgongo unaniuma kidogo.

Kama nilivyokuambia msibani, siku ile nilikuwa Kasongo kwa kazi za ofisi. Wale vijana wamefukuzwa. Jina halimrudishi Soraya, dada. Chefu si mtu mbaya. Huko juu hawamtumii kitu, na sisi makarani mshahara tumeusahau unafanana vipi. Bila bariere, sekta hii ingekufa kabisa. Unamjua mwalimu Fabrice? Alisema maneno yake sokoni, sasa yuko kashoni, amefungwa.

Chefu anakutumia gunia la chumvi, rambirambi yake. Pokea, unyamaze. Baba yake, mzee Sefu, ni mgonjwa sana, na chefu siku hizi hasemeshwi.

Mdogo wako, Iliasi


Wamaza, 14 Agosti 2025

Iliasi,

Salaam. Chumvi nimeirudisha na motari huyohuyo. Mtu mwenye kidonda hatumiwi chumvi.

Mwalimu Fabrice hakukosea maneno, alikosea mahali. Umesahau alichotufundisha bibi? Ukoo wa Faradji na wetu ni watani. Mtani msibani hakasirikiwi, hata na chefu. Akishalala kaburini haondolewi kwa nguvu, mpaka apewe anachotaka.

Mpe mzee Sefu pole yangu. Yeye hajanikosea kitu. Lakini siku yake ikifika nitakuja, na mwanawe atanisikiliza.

Dada yako, Faida


Ofisi ya sekta, 2 Septemba 2025, asubuhi

Dada,

Mzee Sefu amefariki alfajiri. Tunazika leo alasiri, kule makaburini karibu na daraja. Najua habari zimeshakufikia. Usije. Kwa maziwa tuliyonyonya wote wawili, nakuomba usije.

Mdogo wako


Wamaza, 9 Septemba 2025

Iliasi,

Salaam. Mgongo wako unaendeleaje? Wangu unauma, ardhi ya kule ni baridi.

Uliona yote, lakini nayaandika ili uyasome kwa macho yako mwenyewe. Imamu alipiga kelele: "Mwanamuke hafikake ku makaburi!" Wazee wakamjibu, "Muache, iko mutani." Nikashuka kaburini kabla ya maiti, nikalala kwa ubavu, watu wakaanza kucheka. Nikaita: "Faradji! Weka bariere hapa pia! Baba yako asipite bure!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha nikasema habari za Soraya, na za mwalimu kashoni, na za nyumba yake ya ghorofa inayopanda huku sisi tunashuka. Hapo hakucheka mtu. Chefu alisimama ukingoni akitoka jasho, askari wake wakitazama viatu vyao. Nilifurahi, Iliasi. Sitasema uongo, nilifurahi sana.

Akainama akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Mama Soraya, mimi sikukuwa pale. Mule mu kibanda mulikuwa ndugu yako. Muulize yeye."

Nikakutazama. Ulikuwa umeshika sepeto, ukatazama chini. Nyuma yako walisimama wale vijana unaosema walifukuzwa.

Faradji alidhani nitainuka kwa aibu. Machefu wote wana Iliasi wao wa kutupa njiani mzigo ukizidi. Nikamwambia: "Amri ni yako, mdomo ulikuwa wa ndugu yangu. Leteni kamba ile ya darajani humu." Akakataa. Nikalala. Jeneza likawa juani, nzi wakaja, na kila aliponisihi nilimjibu: "Asiye na kitu angojee." Mwisho akamtuma Chadrack darajani. Kamba ikakatwa mbele ya watu wote, ikatandikwa kaburini, ndipo nikatoka. Mzee Sefu amelala juu yake, Mungu amrehemu. Tangu siku ile hata zile kamba mbili nyingine zimeondolewa, njia iko wazi. Chefu akifunga kamba nyingine, watu watamuuliza ya baba yake iko wapi.

Nasikia amekufukuza kazi. Watoto wako nitawatumia mihogo, hawajanikosea kitu.

Lakini wewe ulisikia mwanamke analia nje, na hukutoka hata kutazama ni nani. Halafu ukaja kwangu na vumbi la njia, ukasema umetoka Kasongo. Na kwa kuwa wewe ni mjomba, ulishuka kaburini kumpokea Soraya kwa mikono hiyohiyo. Ulimlaza kwa upole sana. Nilikuombea dua kwa ajili hiyo.

Nimekwisha kumwambia imamu, wazee wakisikia: siku nikifa, wewe usishuke. Simama pembeni, ungojee.

Mama yake Soraya