Maua Anajua Kusoma?

Ng'ambo, Tabora
3 Machi 1936

Ndugu yangu Mabruki,

Salamu nyingi. U mzima huko kituo cha reli Tura? Kile kifua kimepoa? Sisi hatujambo, ila vichwa tu.

Uliniambia nimpeleke mwanangu Maua shule ya serikali, nikampeleka. Mtoto yuko juzuu ya kumi na nane ya Kurani, barua za mtaa mzima anasoma yeye! Mwalimu akampa kitabu. Maua akakigeuza, akakifungua kwa nyuma kama tulivyozoea vitabu vya Kiarabu, akazitazama zile herufi za Kizungu. Darasa likacheka. Mwalimu akaandika: Hajui kusoma.

Njiani akaniuliza, "Mama, mimi najua kusoma au sijui?" Miaka mitano nimemfundisha mwenyewe kwenye mkeka wa ukumbini, kama baba alivyotufundisha sisi wawili. Tangu siku ile hagusi ubao wake wa kujifunzia. Nimwambie nini?

Dada yako,
Tatu

Tura
11 Machi 1936

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, kifua kimepoa. Mvua huku imezidi.

Mwambie ukweli: hajui kusoma. Aanze upya. Chuo cha nyumbani ni cha dini, dunia ya sasa ina herufi zake. Nawe dada, ukishika lako huachi!

Mdogo wako,
Mabruki

Ng'ambo, Tabora
20 Machi 1936

Mdogo wangu,

Salamu. Afya yangu usiulize.

Barua zako ananisomea jirani yangu Pelagia, mke wa fundi matofali, aliyesoma misheni, maana herufi zako mimi sizijui. Alipofika pale "hajui kusoma", mama wa watu akaona haya kuendelea. Maua alikuwa mlangoni, akasikia.

Hebu nieleze. Mimi nakuandikia kwa herufi za baba. Ukaisoma barua, ukaijibu. Ulisoma nini basi, kama huko si kusoma? Wallahi sielewi. Nijibu hilo tu.

Dada yako

Tura
30 Juni 1936

Dada, shikamoo. Hamjambo nyote? Nisamehe kukaa kimya miezi mitatu.

Barua zako ananisomea mzee Selemani, muuza kahawa wa hapa kituoni. Herufi za baba zilinitoka zamani, tangu niende shule. Ile ya mwisho aliisoma mara mbili mbele ya wateja wake, kisha akanitazama. Niliona aibu, dada.

Sasa nimechanganyikiwa kabisa. Wewe unajua kusoma, mimi najua kusoma, na kila mmoja anasomewa barua ya mwenziwe! Nimesema hajui kusoma mtoto anayejua nisichokijua. Sijui umwambie nini.

Nduguyo

Ng'ambo, Tabora
12 Julai 1936

Mjomba, shikamoo. Kifua hakijambo? Mama mzima, amesema niandike mimi.

Hii nimeiandika kwa herufi zako. Bi Pelagia alianza kunifundisha siku ile ile aliyoona haya, jikoni kwake, tukichambua kunde. Barua yako nimemsomea mama mimi mwenyewe. Nilipofika kwenye aibu yako alilia, nikataka kuacha. Akasema, "Soma mpaka mwisho." Nikasoma.

Shule watanipima tena Januari. Kama najua kusoma, bado sijui. Mama naye hajui.

Humu nimekufungia karatasi ya herufi za babu, tangu alifu hadi yee. Usimpe mzee Selemani akusomee. Ukija Idi nitakusikiliza, mkeka ule ule. Ukikosea sitacheka.

Mpwa wako,
Maua