Jino Limetoka, Salamu Imebaki

Kwa mdogo wangu Kabula,

Natumaini unaendelea vizuri, na kwamba goti lako sasa linakubali kukufikisha shambani. Je, mvua ya hapo Bukundi imewatosha kwa mahindi? Mimi bado niko huku Kusini, gerezani, mwaka wa tisa tangu nihamishwe kutoka mkoa wetu. Leo nakuandikia nikiwa na nafuu.

Sikukuambia habari za jino langu, nisikutie wasiwasi. Ni gego la chini, kushoto, lililooza hadi kwenye mzizi. Tabibu wa zahanati yetu ni mtu mwema, ila hana vifaa vya meno. Kwa miezi minne alinipa Panadol mbili asubuhi, mbili jioni. Dawa hapa humezwa mbele ya askari, kisha unafungua kinywa akague. Huwezi kuweka hata kidonge kimoja akiba kwa ajili ya wakati maumivu yatakaporudi. Ugali niliulowesha kwenye mchuzi wa maharage. Kusoma niliacha kabisa, na unajua nikiacha kusoma nimebanwa kweli.

Jumanne akaja daktari wa meno kutoka hospitali ya wilaya. Huja mara chache, na gari likiondoka naye anaondoka, foleni iwe imeisha au haijaisha. Nyapara wetu, mfungwa mwenzetu anayetusimamia, akaniona kwenye mstari.

"Babu, jino limemaliza kifungo?"

"Limemaliza," nikamwambia. "Mwenye jino bado."

Niliitwa wa mwisho. Daktari ni binti, rika la kitinda mimba wako. Dereva alikuwa ameshapiga honi, kwa hiyo hapakuwa na maneno. Alichungulia kinywani, akanichoma ganzi mara mbili, akasema tusubiri kidogo ishike. Ndipo akachukua karatasi na kusoma jina langu. Akanitazama usoni. Akapiga goti kidogo, kama mabinti wa kwetu, bomba la sindano likiwa bado mkononi.

"Mwadila, baba."

Kabula, miaka tisa sijasalimiwa hivyo. Hapa hakuna Msukuma mwingine. Nikafungua mdomo nimwitikie, ulimi ukalala tu, mate yakanitiririka kidevuni. Akarudia salamu. Akaniambia kwa Kisukuma kwamba kwao ni Maswa, mama yake anauza mchele sokoni, anaitwa Mama Limi. Kisha akangoja. Unajua kwetu mzee asiyeitikia salamu ya mtoto anavyofikiriwa. Nikanyoosha mkono nimshike wake.

"Mzee, mikono chini," askari akasema. Nikaushusha.

Jino likang'oka, na sikusikia maumivu hata kidogo. Akamwachia tabibu vidonge vyangu vya siku tatu, akatoka mbio. Ganzi ilipoisha nilikuwa kwenye benchi peke yangu. Nikasema yote niliyotaka kumwambia, kwamba namwitikia mwanangu, kwamba ni salama tu, nikiutazama ukuta.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo. Wasalimie wanao wote, na mama mkwe wako kama bado anasikia.

Siku ukipanda gari kwenda Maswa, mtafute huyo Mama Limi sokoni. Mwambie kaka yako hana kiburi, alikuwa amechomwa ganzi. Amfikishie binti yake jibu langu: mwadila, ng'wanone, mhola duhu.

Ni mimi kaka yako,
Ngasa